Ukoko wa Mjomba Isihaka

Siku ya sita ilikuwa inakwisha, na Mjomba Isihaka alikuwa bado hajamwambia Lukumani anawe mikono.

Kwa watu wengine hilo si jambo. Kwa ukoo wa kina Zuena ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Mwanamume akitaka kuoa kwao, alikuja na jembe lake akafanya kazi siku saba katika shamba la ukweni. Siku zote hizo alikula peke yake kibandani kwake, chakula akipelekewa kimefunikwa kawa. Mjomba wa msichana akiridhika, atamwita: "Njoo tunawe." Watanawa kwa bakuli moja, watakula sahani moja, na posa imepita. Asipoitwa mpaka jua la siku ya saba linatua, atafunga jembe lake kwenye baiskeli aende zake. Hakuna atakayemtukana, na hakuna atakayemwambia kwa nini.

Siku ya saba ilikuwa kesho. Na kesho kutwa, Jumatatu, kambi ya wapima ardhi ambako Lukumani alikuwa mpishi ilikuwa inang'oa mahema yake kule Nachingwea kuhamia ng'ambo ya mto Mbwemkuru, mwaka mzima au zaidi. Ruhusa aliyopewa ilikuwa ya wiki moja tu, haina nyongeza.

Zuena aliyawaza hayo akiwa juu ya dungu lake la kulindia ndege katikati ya mtama, kombeo mkononi. Familia ilikuwa imehamia shambani tangu mtama ulipoanza kukomaa, mwendo wa saa tatu kutoka Nkowe. Walikuwa na vibanda vitatu vya majani, mafiga matatu, na ukuta wa mabua uliolizunguka jiko ili upepo usichezee moto. Kuamia ndege ilikuwa kazi ya Zuena tangu akiwa na miaka minane. Kwa kombeo lile hakuna kwelea aliyetua mara mbili, na nyani wa bonde lile walimjua kwa sura.

Tena kombeo lile lile ndilo lililomletea Lukumani. Mwaka jana, mwaka wa arobaini na nane, wapima ardhi walipiga kambi karibu na shamba lao. Asubuhi moja Zuena aliona kitu kimeinama nyuma ya kichaka kando ya karanga, akasema huyu ni nyani, akazungusha kombeo, akaachia. Paa! Mlio ukawa wa bati. Nyuma ya kichaka akainuka kijana mrefu, amevaa aproni nyeupe, mbele yake debe lililofukiwa makaa likiwa limebonyea ubavuni.

"Bibie," alisema kwa upole, "mkate wangu umekukosea nini?"

Basi. Alimkatia kipande cha mkate ule uliookwa ndani ya debe, moto, umepinda upande mmoja kwa sababu ya jiwe. Zuena akala amesimama. Alipomaliza alijua kwamba amekwisha, na wala hakutaka kujiokoa.

"Mwantumu!" Sauti ya Mjomba Isihaka ilimgutua, ikitoka kibarazani.

"Abee, kaka," mama yake Zuena aliitika.

"Kesho chakula cha mchana atapika Zuena."

"Haya. Nitamsaidia kuchambua mboga, na..."

"Hutachambua kitu. Hutagusa hata chumvi."

Zuena alikuwa anashuka ngazi ya dungu. Mguu mmoja ukabaki hewani.

"Mjomba, kwani nimekosa nini?"

"Hujakosa, mpwa wangu. Nataka kujua tu. Huko Nkowe watu wananiuliza, Isihaka, huyo mtoto anaolewa na mpishi kwa sababu anampenda, au kwa sababu hajui kupika?"

Mama Mwantumu alikohoa ghafla, akageuka kutazama kuku. Alikuwa akicheka, na Zuena alimwona. Maana ukweli, jamani, tusifichane, Zuena alikuwa hajui kupika. Kila siku ya Mungu alikuwa juu ya dungu, chakula chake akiletewa huko huko, akila na jicho moja kwenye mtama. Ugali wake wa mwisho ulikuwa na madonge ambayo kuku waliyakimbia.

"Na yeye mwenyewe," Mjomba aliendelea, "mwanamume mzima, kutwa ameshika mwiko! Anafungua vibati vya watu ambavyo hata hajui ndani mna mnyama gani."

"Ni vya samaki, Mjomba. Vile vingine aliapa havigusi."

"Wewe umeviona?"

"Nimevila," Zuena alisema, halafu akajiuma ulimi.

Mjomba alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa mzee mfupi, mkavu, mwenye ndevu nyeupe chache ambazo alizishika kila alipotaka kuficha mdomo wake. Sasa alizishika.

"Kesho nataka ugali wa mtama na majani ya kunde yaliyoungwa kwa ufuta, kama alivyokuwa akipika bibi yako. Nikila nikaridhika, nitamwita huyo mpishi wako anawe. Nisiporidhika, yeye aende na kambi yake, na wewe ukae jikoni na mama yako mpaka mavuno mengine. Nimesema."

Alipokwisha kusema hivyo alichukua mkeka wake, akaingia ndani.

Zuena alizunguka nyuma ya ukuta wa mabua, akachuchumaa. Upande wa pili alisikia Lukumani akilimwagia jembe lake maji. Hawakuruhusiwa kukaa pamoja siku hizo saba. Lakini juu ya kukaa upande huu na ule wa ukuta mila haikusema kitu, nao walikuwa wameshaligundua hilo tangu siku ya kwanza.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Bonde zima limesikia," Lukumani alijibu. "Unalia?"

"Silii."

"Napikia watu kumi na sita, Zuena. Najua mtu anayelia vitunguu na mtu anayelia kweli."

Zuena akacheka huku akipangusa pua kwa ncha ya kanga. Kati ya mabua mawili palikuwa na nafasi ya kidole. Aliona kipande cha shingo yake, na jasho la siku nzima, na kola ya shati aliyoikunja ndani ili isichakae. Moyo ulimuuma kwa kuipenda shingo ile.

"Nitaharibu, Luku. Najijua. Utaondoka."

"Nisikilize kwanza. Ukiniambia nikupigie ndege kwa kombeo, nitampata?"

"Wewe? Utapiga mguu wako mwenyewe."

"Lakini wewe unampataje hata usipomwona vizuri?"

"Namsikia."

"Ndivyo na chungu. Chungu kinasema. Kesho Mzee amenipa mistari ile ya mtama iliyo nyuma ya ukuta huu huu, niivune. Wewe pika. Mimi nitasikiliza."

Jua lilikuwa limebaki kidogo juu ya vilele vya mtama, na Zuena hakutaka kuondoka pale.

"Niambie," alisema. "Kambini wanapenda kula nini?"

"Supu ya kopo, nyama ya kopo, maharage ya kopo. Wanaendesha matrekta yanayong'oa miti mizima, halafu wanakula chakula cha mtoto asiye na meno. Mkate wa debe tu ndio wanaousifia."

"Mimi pia nausifia. Na wewe je? Ukiwa porini unapenda nini?"

"Ming'oko." Alisema bila kufikiri. "Nikipata nafasi naingia msituni na mti wangu wa mchokoo, nachimba mizizi yake, naichoma kwenye majivu ya moto, naila na chumvi tu, nimekaa chini. Siku hiyo hata wakiniita, siwasikii."

"Na nyumbani?"

Lukumani aliligeuza jembe lake, akalimwagia maji upya.

"Utanicheka."

"Sikucheki."

"Ukoko. Ukoko wa ugali wa mtama, ule mgumu, ulioungulia chini ya chungu. Kule kwetu Mbekenyera tulikuwa tisa. Mama alikuwa ananiwekea mimi kwa sababu nilikuwa mgonjwamgonjwa. Kambini napasha supu kwenye sufuria, naosha kwa majivu, hakuna ukoko. Miaka minne sijauonja."

Zuena hakucheka. Aliliweka neno lile moyoni, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, ingawa hakujua.

*

Kesho yake Mama Mwantumu alishika mtungi wake mapema.

"Mimi naenda mtoni," alisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Sitaki kesi. Nikirudi niwakute mmeshakula." Alipompita Zuena alimbana shavu kwa vidole viwili, kama alivyokuwa akifanya zamani alipokuwa mdogo, akateremka bondeni.

Mjomba Isihaka alikuwa amelala chali kwenye mkeka kivulini, kofia imefunika uso. Kuni zilikuwa mbichi kidogo. Zuena aliweka kikaango cha udongo juu ya mafiga, akamimina ufuta.

Nyuma ya ukuta kisu kilikuwa kinakata masuke, kra, kra. Kikanyamaza.

"Moto mkubwa," ilisema sauti ya chini. "Nausikia. Vuta kuni moja nje."

Akavuta.

"Sasa geuza. Usiache mkono. Utasikia unaanza kurukaruka."

"Hausemi kitu."

"Bado. Ngoja. Wewe unawangojaje kwelea?"

Zuena akatega sikio kama akiwa juu ya dungu. Mara akasikia: ti. Halafu ti, ti. Halafu ufuta wote ukaanza kudundadunda kwa pamoja, na harufu ikapanda, ile harufu tamu ambayo mtu akiisikia anakumbuka watu wake wote.

"Epua!" walisema wote wawili kwa wakati mmoja.

Kikaango kikatua chini. Zuena alikitazama: ufuta ulikuwa wa rangi ya asali, hakuna punje iliyoungua. Alitaka kupiga kelele. Badala yake aliupiga ukuta wa mabua kwa kiganja, na upande wa pili kiganja kingine kikajibu hapo hapo. Wakabaki hivyo kidogo, mabua katikati.

"Twanga, bibie," Lukumani alisema. "Twanga, usije ukapoa."

Akatwanga. Akachemsha majani ya kunde, akayaunga kwa ufuta, akaonja, akaongeza chumvi bila kuambiwa. Halafu ukaja ugali. Uji ukaanza kupumua chunguni, pufu, pufu, na Lukumani akamwambia sasa tia unga, kidogo kidogo, songa kwa nguvu, sukuma mbali, vuta karibu.

"Nguvu zaidi. Nasikia unaubembeleza."

"Mkono unauma!"

"Fikiria ni yule nyani uliyemkosa."

"Sikumkosa. Nilimpata, ndiye anayenisumbua sasa hivi nyuma ya mabua."

Lukumani akacheka, akajiziba mdomo, kicheko kikatokea puani, na hicho ndicho kilichommaliza Zuena. Alicheka mpaka akashikilia tumbo, mwiko umesimama wenyewe chunguni, machozi yanamtoka. Walipokuja kukumbuka moto, ugali ulikuwa umeshanukia kuungua.

"Pakua haraka!"

Alipakua. Juu ulikuwa mzuri, laini, hauna donge hata moja. Chini ya chungu palibaki ukoko mnene, wa kahawia, umeshika pande zote. Zuena aliutazama, moyo wake ukaruka kwa furaha. Aliubandua kwa ncha ya kisu, ukatoka mzima. Akauweka kwenye sahani ya Lukumani pamoja na ugali na mboga, akafunika kawa, akaenda kuiacha mlangoni mwa kibanda chake.

Mama yake angekuwepo angemdaka mkono. Lakini mama yake alikuwa mtoni. Na Zuena, aliyekula maisha yake yote juu ya dungu, angejuaje kinachotokea chini wakati wa kula?

*

Mjomba Isihaka alinawa peke yake. Alimega, akakanda tonge, akachovya. Zuena alikaa pembeni, mikono mapajani. Kule kibandani Lukumani alikuwa amekaa na sahani yake mbele, hatua thelathini tu, na hata kawa hakuifunua.

Mzee akala tonge la kwanza. La pili. La tatu hakulichovya, alikomba nalo mchuzi pembeni mwa sahani. Mama Mwantumu akatokea na mtungi kichwani, akasimama pale pale bila kuutua.

"Mchuzi huu," Mjomba alisema, "umepikwa na watu wawili."

Zuena aliutupia jicho ukuta wa mabua.

"Nilifunika macho, sikuziba masikio. Nani alisema epua?"

Angeweza kudanganya. Alimtazama mzee, akaona hawezi.

"Tulisema wote, Mjomba. Mkono ni wangu. Lakini yeye alinifundisha kusikiliza. Kama ni kosa, ni langu, mimi ndiye niliyemlilia. Yeye hakugusa kitu."

"Hm." Mjomba alimega tena, akala, akatafuna taratibu. Alikula mpaka sahani ikabaki nyeupe. Kisha akanyoosha mkono bila kutazama, kama mtu anayefanya jambo alilolifanya kila siku miaka hamsini.

"Haya. Nipe ukoko wangu."

Zuena alitazama chungu kitupu.

"Ukoko... upi, Mjomba?"

"Zuena," mama yake alisema polepole, na maji yakachezacheza mtungini. "Ukoko wa nyumba hii ni wa mjomba wako. Tangu mama yetu yuko hai. Umeuweka wapi?"

Macho ya Zuena yakaenda yenyewe kwenye kibanda cha Lukumani, na ya Mjomba yakafuata.

Mzee akainuka. Akachukua fimbo yake. Akaanza kutembea kuelekea kibandani, na Zuena nyuma yake akijisemea moyoni, basi, imekwisha, nimempa mchumba tonge la mzee mwenye kutoa ruhusa, kuna mjinga gani mwingine duniani kama mimi? Akilini aliliona lile jembe limeshafungwa kwenye baiskeli. Aliiona barabara ya Nachingwea na vumbi lake.

Lukumani alisimama, akainamisha kichwa. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Funua."

Akafunua kawa. Ukoko ulikuwa mzima, haujamegwa hata kidogo. Lukumani mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza anauona. Alipoutambua aliinua macho kumtazama Zuena, mara moja tu, na katika mtazamo ule mlikuwa na kila kitu alichotaka kusikia maisha yake yote.

"Mbona hujala?" Mjomba aliuliza. "Chakula kimepoa."

"Mpishi hali, Mzee, mpaka ajue waliopikiwa wameshiba."

"Nani alikuambia wewe ndiye mpishi? Amepika huyu."

"Ndiyo, Mzee. Ndiyo maana nilikuwa nikiogopa zaidi."

Mjomba Isihaka alizishika ndevu zake. Alizishika kwa muda mrefu, lakini safari hii hazikutosha kuuficha mdomo.

"Miaka thelathini na miwili mke wangu kule Nkowe ananipikia ufuta," alisema. "Leo ndiyo nimejua kuwa ufuta unalia. Sikuwahi kusikiliza. Nilikuwa nadhani mwanamume anayekaa karibu na jiko ana kasoro." Akaweka fimbo chini. Akakunja magoti yake makavu, akaketi mkekani mwa Lukumani, mbele ya sahani. "Ukoko umegoma kunifuata. Basi nimeufuata mimi. Zuena!"

"Abee, Mjomba."

"Lete maji."

"Maji ya... ya kunywa, Mjomba?"

"Ya kunawa, mtoto we! Bakuli moja."

Zuena alikimbia. Mama Mwantumu alikuwa ameshautua mtungi na kuteka maji kwa kata. Akamsukumia bakuli, akageuka upande kwa heshima ya mkwe, akajifunika kanga mpaka puani. Chini ya kanga ile vigelegele vikatoka vyenyewe, viwili, vitatu, ndege wakaruka mtamani.

Mikono miwili ilinyooshwa juu ya bakuli, mmoja wa mzee, mmoja wa kijana. Zuena alimimina kwa haraka. Maji yakamwagika kwenye goti la Mjomba, kwenye mkeka, kwenye shati lenye kola iliyokunjwa.

"Samahani, Mjomba! Samahani!"

"Mwaga tu," Mjomba Isihaka alisema. Alikuwa ameshauvunja ukoko katikati. Alipima kwa jicho, akachukua kipande kidogo, kile kikubwa akakiweka kiganjani mwa Lukumani. "Leo mwaga tu, mwanangu."